Kupima Mwanga Usoni mwa Baba

14 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Wiki hii nimekupigia simu mara nne, ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Nikasema basi, huyu ni mtu wa kuandikiwa.

Huku hatujambo. Mama anashona sare za shule na msimu umepamba moto, hata mezani tunakula tukiwa tumezungukwa na vifungo. Mdogo wangu amepata nafasi chuo cha uuguzi, na tayari anatushika mikono kutupima mapigo ya moyo bila kuombwa. Mimi bado ni msahihishaji pale kiwanda cha kuchapa vitabu. Mwezi uliopita nilikamata kosa moja kwenye kitabu cha hesabu ambalo lingewafanya watoto wa nchi nzima waamini kwamba saba mara nane ni sitini na tano. Baba yuko.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Kiwandani wametangaza kwamba ile mashine kubwa anayoiendesha baba itaondolewa mwisho wa Septemba. Itakatwakatwa iuzwe chuma chakavu, na mahali pake itakuja mpya isiyotaka mtu zaidi ya kidole cha kubonyezea. Watu sita wanaoizunguka watatawanyika. Nataka kuwapiga picha kabla hawajaondoka. Si za simu. Za simu ninazo mia tatu na hakuna anayezitazama, hata mimi. Nataka za filamu, nyeusi na nyeupe, kama zile ulizokuwa ukipiga wewe.

Kamera nimepata, nimeinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu. Lenzi ni safi, shata inalia vizuri nikibonyeza, ila mshale wa kupimia mwanga umelala na hauamki. Filamu ya kwanza nilipiga kwa kubahatisha. Fundi wa kusafisha filamu aliponikabidhi negativu alinitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Nusu watu wamekuwa makaa, nusu wamekuwa maziwa.

Nahitaji mita ya mwanga ya mkononi. Uwezo wangu ni bei ya filamu nne, si zaidi, kwa sababu nikizidisha nitakuwa na mita ya kupimia picha nisizoweza kupiga. Najua kuna programu za bure za simu, lakini kiwandani simu zinaachwa getini tangu mtu alipoumia mkono akiwa anaongea. Wewe uliyefanya kazi hii miaka thelathini, ungechukua ipi?

Ni mimi, binti wa mdogo wako.


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Simu huwa naisikia. Nikiipokea watu huniuliza maswali, na wewe ni mmoja wao.

Mimi sijambo, ila goti linataka kuwa na maoni yake kila ninapopanda ngazi. Kile chumba cha studio sasa ni duka la daftari na kalamu. Wateja wangu ni watoto, wanalipa vizuri kuliko maharusi. Mpe mama yako pole ya vifungo, na muuguzi mwambie shangazi yake hapimwi na mtu asiyemaliza mwaka wa kwanza. Wengine wote nawasalimu.

Kwanza, hongera. Watu wazima wengi wakipata filamu iliyoharibika husema kamera ni mbovu. Wewe umesema ulibahatisha. Ukweli huo peke yake ni nusu ya ufundi, na mimi sikuupata mapema hivyo.

Sasa nisikilize. Usinunue kitu kwa sababu ni kizuri. Sokoni utakutana na mita ndogo zenye mifuko ya ngozi, mbele zina kioo chenye vinundu kama sega la nyuki. Hizo hazitumii betri, mwanga wenyewe ndio unaosukuma mshale. Utaipenda papo hapo. Lakini kile kioo kinazeeka, na kikizeeka kinadanganya bila aibu. Za pili zina betri za zamani za zebaki ambazo hazitengenezwi tena. Muuzaji ataweka betri ya leo, mshale utaruka, utafurahi, na kila picha yako itakosea kwa kiasi kilekile mpaka uanze kujitilia shaka wewe. Zipo na zile mpya ndogo za kupachika juu ya kamera. Ni nzuri, ila bei yake ni mara mbili ya uwezo wako, kwa hiyo tusizizungumzie tukaumia bure.

Kabla ya kutoa hata senti, ijaribu. Toka nje saa sita mchana, jua likiwa kali na mbingu haina wingu. Kwa filamu ya mia nne, ukichagua tundu la lenzi la kumi na sita, mita ikuambie kasi ya shata ya karibu sehemu ya mia nne au mia tano ya sekunde. Ikisema vingine, muuzaji akisema ni wewe hujui kuishika, mrudishie na umsalimie. Halafu ingia nayo ndani, mahali penye giza kama pale mnapofanyia kazi. Hapo ndipo utaijua tabia yake.

Usiharakishwe na mtu.

Shangazi yako.


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama amemaliza sare, sasa anaumwa mgongo lakini anacheka. Muuguzi amesema hata akihitimu hatakupima, umemuudhi.

Nimefuata maneno yako kama maandiko. Nyuma ya kituo cha posta kuna mzee anayetengeneza saa, kibanda chake hakizidi kabati la nguo. Tunamwita Mzee wa Dakika kwa sababu ukimpelekea chochote atakuambia, "Dakika moja," kisha atakaa nacho wiki tatu. Nikamkuta na mita ya ngozi, ile ya sega la nyuki. Shangazi, ulisema nitaipenda papo hapo, na nikaipenda kabla hata sijaigusa. Bei yake filamu mbili tu!

Nikamwambia nataka kuitoa nje juani. Akaniuliza, "Wewe unanunua mita au unaichumbia?"

Nikamwambia shangazi yangu amesema.

"Shangazi yako ni nani?"

Nilipomwambia ni yule mwenye studio, akaweka chini koleo lake. Akasema yeye na mkewe walisafiri siku nzima ili wewe uwapige picha ya harusi, na kwamba ulimzungusha bibi harusi dirishani nusu saa nzima mpaka mama mkwe akaanza kunung'unika. Picha bado iko ukutani kwao. Mke hayupo tena. Akafunga kibanda, tukatoka pamoja juani kuijaribu.

Juani ilisema kweli kabisa. Nikamwomba niende nayo kiwandani, akakubali bila dhamana. Kule ndani mshale ulijikuna kidogo ukalala. Madirisha yetu yako juu sana, wewe unajua, na mwanga unaofika chini kwenye rola za mashine umeshachoka. Nikamrudishia. Iliniuma. Mzee akasema hajawahi kuona mtu akirudisha kitu kizuri kwa sababu kizuri.

Je, wewe ulikuwa unatumia mita gani? Na iko wapi siku hizi?

Kuna jingine. Wale watano wa mashine wamekubali kupigwa picha. Baba amekataa. Nilimwambia wewe ndiye unayenifundisha. Alinyanyuka akazima redio, na haikuwa hata na kelele. Kuna nini kati yenu? Mara ya mwisho kukuona nyumbani kwetu ni wakati wa msiba wa bibi, na hiyo ni miaka sita.

Mimi.


6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usinihesabie miezi. Goti lilinilaza, halafu shule zikafunguliwa na duka likajaa, halafu sikuwa na stempu. Chagua sababu mojawapo.

Ulifanya vyema kuirudisha ile ya ngozi. Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu dukani mpaka mtoto mmoja akaniuliza kama nitamwuzia daftari au la. Bibi harusi wa huyo mzee namkumbuka. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho na alitaka lisionekane. Nilimzungusha mpaka mwanga ukalipita bila kuligusa. Mpe mzee pole yangu.

Mita yangu sinayo. Usiniulize zaidi.

Tafuta hivi: mita ya tarakimu, iliyotumika, isiyo ya miaka ya juzi, inayokula betri moja ya kawaida kama ya saa ya ukutani. Iwe na kinundu cheupe kama nusu ya yai. Uso wake ukiwa na mikwaruzo si kitu. Kipande cha kioo kikiwa hakionyeshi, angalia tu kama namba unazozihitaji zinasomeka. Watu huziuza rahisi kwa sababu ya sura yake, na sisi hatununui sura. Kinundu kile usikubali kiwe kimepasuka au kimegeuka rangi ya chai.

Na ujue cha kufanya nacho. Mita ikielekezwa kwenye kitu kutoka mbali hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Ukiielekeza kwenye mashine nyeusi itakuambia kuna giza, na picha itaungua. Ukiielekeza kwenye marundo ya karatasi nyeupe itakuambia kuna mwanga tele, na watu wako watakuwa makaa, kama walivyokuwa. Kwa hiyo usiielekeze kwenye kitu. Nenda mpaka kwa mtu mwenyewe, weka kinundu mbele ya uso wake, kitazame kamera. Hapo unapima mwanga unaomwangukia yeye, si rangi aliyozaliwa nayo wala ukuta ulio nyuma yake. Lakini inabidi umfikie. Inabidi asimame akukubali.

Kuhusu baba yako, mwulize baba yako.

Shangazi yako.


11 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya goti, na pole ya stempu.

Nimeipata! Mzee wa Dakika ameipekua miji miwili kwa simu mpaka akaipata kwa fundi mwenzake. Ni nyeusi, kona moja ya kioo chake imekufa, kwa hiyo namba ya nane nikiiona inafanana na tatu na inabidi nitumie akili. Kinundu ni cheupe safi. Betri ni ya saa ya ukutani, kama ulivyosema. Bei ilikuwa filamu tano. Nikamwambia mzee nina nne. Akafikiri, akasema ya tano nitailipa kwa kumpiga picha yeye kibandani, ila nimpige kama shangazi yangu alivyompiga mkewe, nisiharakishe. Nilikaa naye saa nzima. Nilipomwekea mita usoni alifumba macho kama mtu anayenyolewa ndevu.

Tayari nimepiga filamu mbili kiwandani, na naambatanisha negativu chache uzione. Yule mwenye vidole vilivyogandwa na gundi ni mama wa gundi, amefunga vitabu miaka ishirini na minane na anaweza kukuambia kurasa za kitabu kwa kukibonyeza tu. Tulibishana naye, nikahesabu: alikosea mbili. Yule mrefu ni mlisha karatasi, anapuliza ukingo wa rundo ili karatasi ziachane, pumzi moja kwa karatasi ishirini, na hajawahi kulisha mbili pamoja mbele yangu. Nimepita karibu nao kila siku kwa miaka miwili nikitafuta makosa kwenye kurasa zao, na sikuwahi kuwatazama wao. Sasa nikisogea na mita usoni kwao wananiambia mambo. Mama wa gundi alinong'ona kwamba anaogopa kukaa nyumbani.

Baba nilimwuliza. Ilikuwa Jumapili, anafua ovaroli yake, maana hamruhusu mama kuifua. Alimaliza kwanza kukamua. Halafu akasema, "Dada alimwanika mama dirishani."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema bibi alipokuwa mgonjwa kwenu, siku za mwisho, ulimpiga picha amelala, kichwa wazi, yeye ambaye hata mbele ya wanawake wenzake hakuwahi kuvua kitambaa. Kwamba baada ya mazishi uliikuza, ukaiweka kwenye dirisha la studio, na yeye aliteremka kwenye basi akakuta watu wamesimama barabarani wanamtazama mama yake. Akavunja kioo.

Kisha akaenda kuianika ovaroli, nayo akaining'iniza miguu juu.

Shangazi, kwa nini hukuniambia? Na kwa nini ulifanya hivyo?

Mimi.


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeiandika mara tatu, usitafute makosa ya herufi.

Negativu nimezitazama dukani, nimezishika dhidi ya dirisha, wateja wakasubiri. Za mlisha karatasi ni nzuri. Ya mama wa gundi ni zaidi ya nzuri. Weusi una kina na bado naona nyuzi za nguo yake, na vidole vile vinang'aa bila kuungua. Mimi nilichukua miaka minne kufika hapo, na nilikuwa na mwalimu aliyesimama pembeni yangu. Wewe una kioo kibovu na barua za mwanamke mkaidi. Nakuvulia kofia.

Sasa la dirishani.

Baba yako amekuambia kweli, hakuongeza. Nitakuambia asiloliona. Asubuhi ile mama alikuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Dirisha la kwangu linatazama mashariki. Mwanga uliingia ukapita kwenye nywele zake nyeupe, ukashuka shavuni, na uso wote ukawa kama wa msichana. Miaka thelathini nilikuwa nimewazungusha watu dirishani nikitafuta mwanga ule. Ulikuja wenyewe, kwa mama yangu. Nikachukua kamera.

Nilipima kutoka mlangoni. Sikumsogelea, kwa sababu ningemsogelea angeamka, na angeamka angeshika kitambaa. Nilijua. Nikajiambia simsumbui mgonjwa. Mita ilikuwa mkononi na nikahesabu kichwani niongeze mwanga kiasi gani kwa ajili ya shuka jeupe. Nilihesabu sawasawa kabisa.

Na dirishani niliiweka kwa kujivuna. Watu walipokuwa wakisimama nilidhani wanamheshimu mama. Labda wengine walimheshimu. Lakini nilikuwa nimesimama ndani nikiwatazama wakiitazama kazi yangu. Mdogo wangu alipovunja kioo nilimwita mshamba asiyejua picha, mbele za watu. Yeye anayeendesha mashine isiyosamehe unene wa unywele! Baba yako, akiwa na miaka kumi na saba, alikuwa akiweka kiganja juu ya rola akaniambia ipi imechoka. Nami nikamwita mshamba. Akaondoka na picha, na kesho yake nikamuuzia mita mpita njia wa kwanza aliyeiulizia, nikafunga studio. Nilisema ni kwa sababu ya hasira. Haikuwa hasira.

Sijui aliifanyia nini ile picha. Sijawahi kuuliza, na sina haki.

Barua hii mwonyeshe au usimwonyeshe, nakuachia wewe.

Shangazi yako.


3 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana, na muuguzi anakusalimu kidogo.

Barua yako sikumwonyesha baba. Niliiacha mezani, imefunguliwa, nikaenda zangu kusaidia kukunja vitambaa. Niliporudi alikuwa ameivalia miwani. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Mwishowe akaikunja akasema, "Ameandika 'mshamba' mara mbili," kama ilivyo kawaida ya watu wa kiwandani kwetu kuona kwanza kilichorudiwa. Akairudisha mezani. Wiki tatu zikapita.

Siku ya mwisho ya mashine ilikuwa Jumanne. Alinikuta nafunga viatu, akasema, "Leo njoo na kamera yako."

Walichapa kazi ya mwisho, kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, na saa nane mchana msimamizi akazima umeme. Mashine haikusimama mara moja. Ilizunguka yenyewe muda mrefu, inapunguza mwendo, na wote sita walisimama wanaisikiliza. Iliponyamaza, msimamizi akasema waende ofisini kuna soda. Wakaenda. Baba hakwenda. Alichukua kitambaa na kopo la mafuta ya taa, akaanza kusafisha rola.

Msimamizi akarudi kumwambia, "Mzee, kesho kutwa inakatwa, ya nini kuisafisha?"

Baba akamjibu, "Kesho kutwa si leo."

Alisafisha rola zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, mpaka kila moja ikaonyesha dirisha la juu ndani yake. Hakuharakisha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye marundo ya karatasi na kamera shingoni. Ningeweza kumpiga kutoka pale, Shangazi. Mwanga ulikuwa tayari, naujua sasa kwa macho. Nilingoja. Alipofika rola ya mwisho nikamsogelea na mita, nikaiweka mbele ya shavu lake. Alinuka mafuta ya taa. Tangu utotoni sijasimama karibu naye hivyo.

"Inasema nini?" akauliza.

"Sehemu ya thelathini ya sekunde. Tundu la mbili nukta nane."

"Ni mwanga mdogo?"

"Unatosha, baba. Ila usitikisike."

Akaweka kiganja juu ya rola na hakutikisika. Nilipiga nne tu. Kisha akaniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, akaenda kunywa soda.

Jioni alifungua kabati la nguo akatoa bahasha kubwa kutoka chini ya mashati. Picha ya bibi. Haina hata kunjo, ameitunza kati ya karatasi nyembamba za kiwandani, zile za kuzuia wino usiguse ukurasa. Niliisogeza karibu na taa. Sijawahi kuona picha nzuri hivyo, Shangazi, nisamehe kusema.

Baba alikuwa anaitazama pembeni yangu. Akasema, "Ingekuwa mbaya ningesahau."

Baadaye akasema, "Hata mimi sikuwahi kuziona nywele zake."

Naambatanisha picha ya baba, ile ya tatu. Amechagua mwenyewe. Amesema ikufikie.

Mimi.


19 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sitakuandikia habari za goti leo.

Picha imefika haijakunjika. Nilifunga duka adhuhuri, jambo nisilofanya, nikaivuta meza mpaka dirishani nikaketi nayo. Kwanza niliitazama kama fundi, kwa sababu niliogopa kuitazama kama dada. Kama fundi nakuambia: rola zinang'aa na hazijaungua, mashine ni nyeusi na bado naona bolti zake, na mwanga uliomwangukia usoni umeupata ulivyo, hukuongeza wala hukupunguza. Mtu mwenye mita ya bei ya filamu ishirini asingepata zaidi. Nisingepata mimi. Sisemi kwa kukupamba, unanijua sina kipaji hicho.

Kisha nikamtazama mdogo wangu. Amezeeka. Hakuna aliyeniambia kwamba ana mvi kwenye nyusi. Kiganja ni kilekile. Amesimama kama mtu aliyeulizwa jambo akajibu ndiyo, na wewe ndiye uliyemwuliza. Hicho ndicho ambacho sikujua kukifanya, na nimeshika kamera miaka thelathini.

Usiache. Mama wa gundi yuko nyumbani sasa, mfuate huko, mpige akiwa anafanya lolote alilolipata la kufanya. Mlisha karatasi naye. Na Mzee wa Dakika mwambie picha yake aniletee mwenyewe, nataka kuona kama alifumba macho hata kamera ilipolia.

Kwenye furushi hili kuna filamu sita. Ni zawadi, usiniandikie kunishukuru. Kuna pia bahasha ndogo ya kahawia. Hiyo ni ya baba yako; ndani mna negativu ya ile picha ya mama yangu, na nyingine sina. Nimeigundisha pande zote. Mpe mkononi, na akianza kuifungua, wewe toka chumbani ukamsaidie mama yako.

Shangazi yako.